Uzi wa vipimo: kuandaa duka, darasa, zahanati au nyumba ya ibada ili mwenye ulemavu aitumie mwenyewe

#1 KipimoKwanza

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wenye maduka, wakuu wa shule, kamati za misikiti na makanisa, na mafundi wanaopewa kazi kwa sentensi moja: "Tuwekee na njia ya walemavu hapo pembeni." Matokeo ya sentensi hiyo tunayaona kila mji. Mteremko mkali kama paa la nyumba, umepigwa vigae vinavyong'aa, na ukifika juu unakutana na mlango ambao kiti cha magurudumu hakipiti.

Sheria zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na mwaka 2009 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kenya wana ibara ya 54 ya Katiba ya 2010. Lakini fundi akishika mwiko anataka namba, kwa hiyo hapa tuweke namba.

Kabla ya namba, jambo moja. Tembea safari nzima ya mteja ukiwa na futi kamba na daftari: anaposhuka kwenye bajaji au daladala, mtaro wa maji, ngazi, mlango, kaunta, choo, kisha arudi. Andika kila kizuizi na kimo chake. Kisha mwite mtu anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona mmoja na mzee wa mkongojo, mtembee nao njia hiyohiyo KABLA ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Walipeni muda wao kama mnavyomlipa mchora ramani. Ukiwaita siku ya kukata utepe, watakachokuambia hakitengenezeki tena bila kuvunja.

Sasa mteremko:

- Kwa kila sm 1 ya kimo, urefu uwe sm 12. Ngazi moja ya sm 17 inataka mteremko wa sm 204. Ngazi mbili, sm 34, zinataka mita 4 na sm 8.
- Upana usipungue sm 90 kati ya reli na reli. Sm 120 ni bora zaidi.
- Juu, mbele ya mlango, pawe na sehemu bapa ya sm 150 kwa 150. Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mtu hawezi kushika kitasa kwa mkono mmoja na kuzuia kiti kisirudi nyuma kwa mkono mwingine.
- Kimo kikizidi sm 76, kata mteremko katikati, weka sehemu bapa ya sm 150 ya kupumzikia, ndipo uendelee.
- Pembeni weka ukingo wa sm 5 hadi 10 ili gurudumu lisichomoke.
- Reli za kushikia ziwe kimo cha sm 86 hadi 96, pande zote mbili, zikivuka mwisho wa mteremko kwa sm 30 juu na chini. Zile sm 30 zinamsaidia asiyeona na mzee kujua mteremko umekwisha.

Fundi Mwiko karibu, najua una la kusema kuhusu zege.

---

#2 Fundi Mwiko

Mkuu umeanza vizuri. Nichukue mfano wako wa ngazi moja: kimo sm 17, urefu sm 204, upana sm 120.

Kosa la kwanza la mafundi ni kumwaga zege juu ya ardhi bila kuchimba, hivyo chini mteremko unaishia kwenye ncha nyembamba kama ukucha. Ncha hiyo inabomoka msimu wa kwanza wa mvua na kuacha kijingazi cha sm 3 au 4. Magurudumu madogo ya mbele yakigonga hapo yanasimama ghafla, mtu anaruka mbele. Kwa hiyo chimba sm 10 pale mteremko unapoanzia, ili zege liwe na unene wa sm 10 kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jaza mawe na kifusi, shindilia kwa tabaka za sm 10 hivi huku ukinyunyiza maji. Ukijaza mara moja na kushindilia juu tu, kifusi kitazama na zege litapasuka katikati.

Zege la unene wa sm 10 kwa eneo hilo ni kama robo ya mita ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 inatosha na inabaki ya kingo. Mfuko mmoja una ujazo wa kama lita 35, kwa hiyo kwa kila mfuko pima ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto (ndoo ya lita 20). Maji lita 25 hadi 30 kwa mfuko, na upunguze maji kama mchanga umelowa. Wakikuambia "ongeza maji liteleze vizuri", kataa. Zege la majimaji linachubuka juu na kutoa vumbi.

Kumalizia: USIPIGE VIGAE. Usisugue kwa saruji kavu mpaka ing'ae pia. Zege likianza kushika, pitisha ufagio mgumu kukata njia, yaani kutoka ukingo hadi ukingo, siyo kutoka juu kwenda chini. Mifereji ile midogo ndiyo inayoshika tairi na ncha ya mkongojo mvua ikinyesha.

Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, funika kwa magunia yaliyolowa. Hakuna kupitisha kiti kabla ya hapo.

Kukagua kazi ya fundi mwingine ni rahisi. Chukua ubao ulionyooka wa sm 120, laza kwenye mteremko, weka pima maji juu yake, inua upande wa chini mpaka tone likae katikati. Pima nafasi kati ya ncha ya ubao na zege. Ikizidi sm 10, mteremko ni mkali. Fanya hivyo sehemu tatu, maana wengi wanaweka mteremko mzuri chini, halafu juu wanauinua ghafla ili kufidia walipokosea hesabu.

---

#3 Mkwezi wa Pwani

Assalamu alaikum wakuu. Msikiti wetu una ngazi tatu, jumla sm 51. Kwa hesabu hiyo tunahitaji zaidi ya mita sita, na kutoka mlangoni hadi barabara ni mita mbili na nusu tu. Kamati imeshasema haiwezekani. Kuna njia?

---

#4 KipimoKwanza

Wa alaikum salaam ndugu yangu. Sm 51 mara 12 ni sm 612. Mbele haitoshi, ni kweli, lakini nani kasema mteremko lazima utoke mbele? Uegemezeni ukutani: uanzie kwenye kona ya jengo, upande sambamba na ukuta, ufike kwenye sehemu bapa ya mlango. Ukuta wa mita 8 unatosha kwa yote. Ukuta ukiwa mfupi, pindeni kwenye kona, na hapo kwenye kona wekeni sehemu bapa ya sm 150 kwa 150 ili kiti kigeuke.

Kabla ya hapo lakini, pimeni milango yote. Majengo mengi ya Pwani yapo kwenye mwinuko, na mlango wa nyuma au wa upande wa akina mama unakuta una kimo cha sm 15 tu. Mkifanya huo ndio mlango wa kiti, hakikisheni njia ya kuufikia ni ngumu na kavu, haipiti kwenye mchanga wala palipowekwa pipa la taka, na funguo haziko kwa mtu mmoja anayefika adhana ikishaisha.

Mengine ya msikitini: pa kutawadhia wekeni angalau bomba moja lenye nafasi ya magoti chini yake, au bomba lenye mpira mfupi, na kiti imara cha zege cha kimo cha sm 45 hadi 48 pembeni. Mlangoni wekeni kitambaa kinene na ndoo ya maji kwa ajili ya kufuta magurudumu, badala ya kumwambia mtu aache kiti nje na kubebwa. Nafasi ya kiti iwe mwishoni mwa safu, ndani ya safu, siyo nyuma ya nguzo.

---

#5 Mpita Njia

Mimi naona mnakuza mambo. Mita sita kwa ngazi tatu? Vijana wapo, wanamnyanyua mtu na kiti chake dakika moja amefika. Na dukani kwangu miaka yote sijaona mteja wa kiti cha magurudumu.

---

#6 Tabibu wa Viungo

Mpita Njia, hujamwona kwa sababu duka lako lina ngazi. Anamtuma mtoto.

Kuhusu kunyanyua: vijana wanashika wanapoona panashikika, yaani mikono ya kiti na vikanyagio vya miguu. Kwenye viti vingi hivyo vinachomoka. Kikichomoka mkononi katikati ya ngazi, mtu anaanguka na kiti juu yake. Ikibidi kabisa kubeba, mwulize mwenyewe kwanza wapi pa kushika, shikeni fremu tu, kiti kilale kidogo kuelekea nyuma, na kupanda ngazi kiende kinyumenyume, mwenye nguvu zaidi akiwa juu upande wa vishikio vya kusukumia. Mtu huyo anaweza pia kuwa na mfupa mwepesi kuvunjika au mpira wa mkojo ambao ukivutwa unamjeruhi. Ninyi hamjui, yeye anajua.

Kwa wanaosukuma kiti kila siku:

Kushuka ukingo mmoja wa barabara, geuza kiti, shusha magurudumu makubwa kwanza taratibu. Kwenye mteremko mkali pia shuka kinyumenyume. Breki zote mbili zifungwe kabla ya mtu kuhama kwenda kitandani au kwenye gari, na vikanyagio vikunjwe juu. Hakuna anayesimama juu ya kikanyagio, kiti kitabinuka mbele.

Sasa niingie kwenye jambo linaloua watu kimyakimya: kiti chenyewe kutomtosha mtu. Viti vya msaada vinakuja vya saizi moja, watu wanapiga picha, wanaondoka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu utoaji wa viti vya kusukumwa kwa mikono katika nchi zenye uwezo mdogo, na huduma imegawanywa hatua nane, kuanzia rufaa na upimaji mpaka mafunzo ya mtumiaji na ufuatiliaji wa matengenezo. Sisi mara nyingi tunafanya hatua moja: kukabidhi.

Vipimo vitatu vya chini kabisa, mtu akiwa amekaa wima kwenye benchi:

Upana wa kiti ni upana wa nyonga zake. Kikizidi, anakaa upande mmoja na uti wa mgongo unapinda, mtoto ndiyo kabisa. Urefu wa kukalia ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukitoa sm 3 hadi 5. Kikiwa kirefu mno, ukingo unamchoma nyuma ya goti, naye anajivuta mbele na kukaa kwa mkia wa mgongo. Kimo cha vikanyagio kinatokana na urefu wa mguu kutoka nyuma ya goti hadi kisigino akiwa na viatu anavyovaa, na mto wa kukalia uwe umeshahesabiwa. Vikanyagio vikiwa juu mno, magoti yanainuka na uzito wote unahamia kwenye mifupa miwili ya makalio.

Hapo ndipo kidonda kinapoanzia. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo hasikii maumivu ya kukaa, kwa hiyo hajigeuzi. Damu haipiti kwenye nyama iliyobanwa, nyama inakufa kutoka ndani, na ukiona tundu juu ya ngozi, chini tayari ni pango. Kila dakika 15 hadi 30 apunguze uzito: ainame mbele kifua kikaribie mapaja, au aegemee upande mmoja kisha mwingine. Kujiinua kwa mikono kunasaidia, ila wengi hawawezi kukaa hewani muda wa kutosha, na mabega yanachakaa.

Kila jioni ngozi ikaguliwe kwa kioo au na mtu anayemwamini: makalio, mkia wa mgongo, nyonga, visigino, vifundo. Vitabu vinasema tafuta wekundu usiofifia ukibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huwezi kuuona. Tafuta sehemu iliyozidi weusi, yenye joto kuliko jirani yake, ngumu au iliyovimba. Ukiikuta, asiikalie kabisa mpaka ipone, na usisugue wala kupaka dawa ya moto.

---

#7 Mama Kikoba

Daktari, asante sana kwa elimu hii. Mimi naomba kuuliza, kama hana mto maalumu tukate kipande cha godoro inafaa? Na tutajuaje kama kimechoka?

---

#8 Tabibu wa Viungo

Mama, shikamoo. Sponji la godoro jepesi linalala mara moja, ndani ya wiki chache anakalia mbao. Tafuta sponji zito, gumu kidogo, unene sm 7 hadi 10, chini yake ikibidi weka tabaka gumu zaidi. Mfuko wake uwe wa kitambaa kinachovutika kidogo. Turubai au plastiki iliyokazwa inafanya sponji lisibonyee na ngozi inatoka jasho.

Kujua kama limechoka kuna kipimo cha mkono. Akiwa amekaa juu ya mto, pitisha mkono wako kati ya mto na makalio, kiganja kikitazama juu, mpaka uguse mfupa wa kukalia. Jaribu kuinua ncha za vidole. Vikicheza juu na chini nusu sentimita au zaidi, uko salama. Visipocheza lakini mkono unatoka kirahisi, ni onyo. Mkono ukiwa umebanwa, hata kuutoa ni shida, mto huo haufai hata kwa leo. Fanya pande zote mbili. Mwombe ruhusa kwanza, na afanye mtu wa jinsia anayoitaka yeye.

---

#9 Fundi Mwiko

Niongeze milango na choo, halafu niende site.

Mlango: ukimwambia seremala "fremu ya 90" atakupa 90 ya nje kwa nje. Toa unene wa mbao mbili, toa unene wa ubao wa mlango wenyewe ukiwa wazi, unabaki na kama 76 hadi 78. Unachotaka ni uwazi wa sm 81 na nusu mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo agiza fremu ya mita moja na useme "nataka uwazi". Kizingiti kisizidi sm 1.3, na kama kipo, kichongwe pande zote mbili. Kitasa kiwe cha kubonyeza chini. Cha mviringo kinamshinda mwenye vidole vilivyokakamaa.

Choo: duara la kugeuza kiti ni sm 150. Mlango ufunguke NJE. Mtu akianguka ndani na mlango unafunguka ndani, mwili wake unauzuia na hamuwezi kumfikia. Kiti cha choo kimo cha sm 43 hadi 48, katikati yake iwe sm 40 hadi 45 kutoka ukutani wenye reli, na upande wa pili uache sm 90 wazi za kusogeza kiti cha magurudumu. Reli iwe kimo cha sm 84 hadi 91, bomba la chuma la inchi moja na robo, iachane na ukuta kwa sm 4.

Reli nyingi zinang'oka kwa sababu zimefungwa kwa skrubu na plagi za plastiki kwenye tofali lenye tundu. Toboa ukuta mpaka upande wa pili, pitisha bolti, nyuma weka sahani ya chuma ndipo ufunge nati. Jaribu kwa kuning'inia wewe mwenyewe na uzito wako wote. Ikitikisika, rudia.

Vyoo vya shimo: tengeneza kiti cha zege au cha mbao ngumu juu ya tundu, chenye mfuniko, na reli pande zote mbili. Mbao ipakwe rangi ya mafuta, vinginevyo inanyonya mkojo na hakuna atakayeitumia. Na jamani, choo hicho kisigeuzwe stoo ya ndoo na mafagio.

---

#10 Zawadi wa Alama

Naona uzi umejaa magurudumu. Viziwi nao wanaingia mlango huohuo bila shida yoyote, halafu wanatoka hawajaelewa kitu.

Kumwita, punga mkono mahali anapoona au mguse bega kidogo. Usimrushie kitu. Kaa uso wako ukiwa upande wa mwanga. Dirisha likiwa nyuma yako anaona kivuli tu. Usipaze sauti, mdomo unapinda na unaonekana una hasira. Na usitegemee atasoma midomo tu: baba, mama na papa midomoni vinafanana kabisa. Hakikisha kwa ishara, kwa kuonyesha kitu, kwa kuandika namba.

Kuandika kunasaidia kwa bei, tarehe, dozi. Usidhani kila kiziwi anasoma Kiswahili kwa wepesi. Kwa aliyekua na lugha ya alama, Kiswahili ni lugha ya pili yenye sarufi tofauti. Sentensi fupi, neno moja kazi moja. Na Lugha ya Alama ya Tanzania siyo ile ya Kenya, kwa hiyo usichukue video yoyote ya mtandaoni ukawafundisha wahudumu wako.

Mkiwa na mkutano: mkalimani asimame karibu na msemaji, penye mwanga, nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi ya mikono yake. Mkutano ukizidi saa moja muwe na wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30. Akichoka, anaanza kuruka maneno na ninyi hamtajua. Mpeni hotuba, majina na vifupisho siku moja kabla. Mnapozungumza, mtazameni kiziwi mwenyewe. "Mwambie kwamba..." haipo. Na mwenyekiti asiruhusu watu wawili kusema pamoja.

---

#11 Nesi wa Zamu

Dada Zawadi, kwenye zahanati ya kijijini mkalimani hakuna. Mama mjamzito kiziwi anakuja na mtoto wake wa miaka tisa ndiye anayemtafsiria. Tufanyeje?

---

#12 Zawadi wa Alama

Pole na majukumu, nesi. Mtoto asitumike kwa mambo ya uzazi, VVU, wala kusaini ridhaa. Atapunguza, atakisia, na mama ataficha. Fanya hivi: uwe na mkalimani wa simu ya video uliyekubaliana naye mapema. Kwa kumpata anza na tawi la mkoa la CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), Kenya ni chama cha viziwi cha kaunti. Simu iegemezwe kwenye kitu, isishikwe mkononi, maana anahitaji mikono yote miwili na nawe unahitaji kuonekana. Andaa kadi za picha za dawa: jua linachomoza, jua la utosi, mwezi, na idadi ya vidonge chini yake. Mwisho mwambie akuonyeshe YEYE atakavyomeza. Akitingisha kichwa "ndiyo" usihesabu kwamba ameelewa.

Na foleni: usiite jina kwa sauti ukapita. Toa namba za karatasi na uzionyeshe, au mfuate alipokaa.

---

#13 Sikio Kali

Mimi naandika kwa kisomaskrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, kwa hiyo nisameheni herufi zikiruka.

Kumwongoza asiyeona: uliza kwanza. Akikubali, mpe mkono wako, yeye ndiye ashike juu ya kiwiko chako. Tembea nusu hatua mbele yake, mwili wako unamwambia kila kitu. Penye ufinyu peleka mkono wako nyuma ya mgongo, ataingia nyuma yako. Kwenye ngazi simama, sema "ngazi za kupanda" au "za kushuka", ndipo uende. Kiti: weka mkono wake kwenye egemeo, atakaa mwenyewe. Ukiondoka, sema. Fimbo nyeupe usiishike wala kuivuta. "Pale" na "hapa" havimsaidii, sema "hatua tatu mkono wa kulia".

Njiani kinachoumiza zaidi siyo kilicho chini, fimbo inakipata. Ni kilicho kifuani na usoni: ubao wa tangazo uliotokeza, dirisha linalofunguka nje kwenye njia, waya au kamba ya kuanikia nguo. Chochote kilicho chini ya mita 2 kwenye njia ya kupita kiondolewe, au kiwekewe kitu chini ambacho fimbo itakigusa. Mitaro ya wazi wala sitaji.

Simu. Kwenye Android ingia Settings, halafu Accessibility, halafu TalkBack, ndicho kisomaskrini chake. Kwenye simu nyingi unaweza kuiwasha kwa kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde tatu. Ikishawaka, kidole kimoja kinagusa na kusoma, kugonga mara mbili ndiyo kubonyeza, na kusogeza ukurasa ni vidole viwili. Anayekufundisha bila kukuambia hili atakuacha unadhani simu imekufa. Sauti ya Kiswahili ipo kwenye Google, imeandikwa Swahili (Kenya), ipakue kwa bando la Wi-Fi. Kompyuta ya Windows tumia kisomaskrini cha NVDA, ni bure, na sauti yake ya eSpeak NG inasoma Kiswahili, ingawa matamshi yake ni ya kuzoea.

Sasa ombi. Matangazo ya msiba, harusi, vikao na ajira mnayatuma kwenye magrupu kama PICHA. Kisomaskrini kinasema "picha" basi. Bandika maneno yaleyale chini ya picha: nani, wapi, lini, namba ya mchango. Na barua iliyopigwa skani ikawa PDF ni picha pia. Tuma faili la maandishi.

Mawakala wa pesa: menyu za simu za nyota na reli (* na #) zinakatika kabla sauti haijamaliza kusoma chaguo zote. Msubiri arudie. Usimwombe namba ya siri ili "umsaidie haraka". Avae spika za masikioni, aandike mwenyewe.

---

#14 Mwl. Nukta Nundu

Nitakuwa mfupi, kengele imelia. Mwanafunzi mwenye ualbino karibu kila mara ana uoni hafifu, watu wanakumbuka ngozi tu. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni lazima, na gwaride la saa nne juani asamehewe. Darasani akae mbele, dirisha liwe nyuma au ubavuni mwake, aruhusiwe kuinuka kusogelea ubao. Soma kwa sauti unachoandika. Karatasi zake herufi za ukubwa wa 18, wino mweusi uliokolea, karatasi isiyong'aa. Kukuza A4 kwenda A3 kwenye fotokopi hakutoshi: herufi inakua kama mara 1.4 tu, na karatasi inakuwa kubwa kuliko dawati.

Mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania): watahiniwa wenye mahitaji hayo wana karatasi za nukta nundu au maandishi yaliyokuzwa, na nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Nyongeza hiyo wapeni pia kwenye majaribio ya darasani. Mtoto akikutana nayo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa, hajui kuigawa. Mahitaji yake yaandikwe wakati wa usajili, siyo wiki ya mtihani.

---

#15 Mpita Njia

Sawa, nimepima. Ngazi ya duka langu ni sm 14. Mbele yake ni njia ya watembea kwa miguu ya manispaa, nikimwaga zege watanivunjia. Semeni basi.

---

#16 Fundi Mwiko

Umefanya vizuri kupima, mkuu. Tengeneza mteremko wa chuma wa kuweka na kuondoa. Kwa kimo kisichozidi sm 15 pasipo na nafasi inakubalika kwenda 1 kwa 10, kwa hiyo urefu wako ni sm 140. Tumia bati la chuma lenye vidoadoa vya kuzuia kuteleza, milimita 3, chini upige fremu ya engo ya milimita 40 kwa 40. Kipande kimoja cha upana wa sm 90 kinakaribia kilo 45 na mtu mmoja hatakibeba, kwa hiyo kata viwili vya sm 45, kila kimoja na kishikio. Viwekwe vikigusana. Ukiacha mwanya katikati, baiskeli ya magurudumu matatu itatumbukiza gurudumu la mbele.

Juu pinda ulimi wa sm 10 unaolala kwenye ngazi, toboa matundu mawili, na kwenye sakafu toboa mawili yanayolingana ya kuingiza pini. Bila pini, kiti kikipanda kinasukuma bati nyuma. Chini usiache ukingo wa milimita 3 ukiwa wima, usage kwa grainda.

Halafu nje, kimo cha sm 90 hadi 120 kutoka ardhini pale pa kusimama, weka kengele yenye alama ya kiti. Watu wanaiweka juu ya ngazi, pembeni ya mlango, ambako anayeihitaji hafiki.